Kwenda Alpi Kumkataza Ndugu Yangu Asinunue Nyumba

Wapenzi wa duka na wa kanisa,

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu hapa Overport, Durban, kuchukua sketi yake anakaa kwanza, anauliza: "Mama Gloria, ni kweli ulienda kwa theluji? Na ile nyumba?" Nimesimulia mara nyingi mpaka masimulizi yamekuwa marefu kuliko safari yenyewe, na juzi nimesikia mtu akimwambia mwenzake kwamba nimenunua mlima. Sijanunua mlima. Naandika mara moja, msome, halafu mniache nishone. Habari za viza, tiketi na makaratasi nawasamehe. Hayo kila mgeni wa mji huu anayajua kama Baba Yetu.

Kisa ni hiki. Mdogo wangu Pacifique ni mpishi wa hoteli katika kijiji kimoja cha milima ya Alpi, Uswisi, upande wanaosema Kifaransa. Yuko huko miaka kumi na miwili. Mwaka huu alitaka kununua nyumba ya zamani ya mjane mmoja, Madame Odette, bibi wa miaka themanini na kitu. Mjane alikuwa tayari kumsikiliza, lakini aliweka sharti lake: hauzi nyumba kwa mwanaume ambaye yeye mjane hajawahi kumwona hata ndugu yake mmoja. Alete mtu wa kwao. Pacifique akanipigia simu: "Yaya, kuya. Iko weye tu." Yaani dada mkubwa, njoo, ni wewe tu niliye naye.

Siku ileile mama yetu, aliyeko Bukavu, naye akapiga. "Baba yenu aliacha kiwanja. Msingi umechimbwa, majani yameota ndani. Leo mtoto anunue nyumba kwa Wazungu? Enda umulete."

Basi nilipanda ndege nikiwa na kazi mbili: nimsifu ndugu yangu mbele ya mjane, na nimharibie mambo yake. Wote wawili niliwajibu ndiyo. Mimi ni kifungua mimba, na kifungua mimba hasemi hapana. Anachelewa tu kufanya.

Durban mpaka Dubai

Begi nililinunua sokoni Warwick, kwa mama wa Kizulu ambaye zipu zangu zote hutoka kwake. Akaniuliza ninaenda wapi na begi la namna ile. Nikasema Uswisi. Akanikumbatia kwa furaha: "Kumbe mwishowe unarudi kwenu!"

Nikamweleza kwamba hapana, kwetu si huko, na baada ya wiki mbili nitarudi hapa hapa. Akaniachia taratibu. "Eish," akasema, na hiyo eish ilikuwa ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Hana ubaya. Begi alilifunga kwa kamba bila mimi kumwomba.

Ndani ya begi niliweka unga wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyokaushwa, ndagala, dagaa wa kwetu, kilo mbili, na makoti yote mliyoniazima. Mkumbuke hayo makoti.

Kwenye ndege nilikaa na nyanya mmoja wa Kihindi wa hapa hapa Durban, anakwenda kumwona mjukuu Ujerumani, na mkoba wake unanukia achari. Akaniuliza ninachofuata Ulaya. Nikajibu kwa kifupi, "Nyumba." Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu, kisha akawatangazia watu wa safu nzima kwamba mama huyu ananunua nyumba Uswisi. Kuanzia hapo mhudumu aliniita madam na kuniongezea mkate. Sikumsahihisha mtu. Mkate ulikuwa mzuri.

Dubai

Ukungu ulishuka Dubai, tukakwama hapo kwa muda wa saa tisa. Watu wazima walilala chini wakifunika uso na viatu. Nyanya alitoa achari yake, mimi nikatoa mikate niliyoihifadhi, tukala tukiwa tumeegemea dirisha la duka la saa za dhahabu, na mlinzi akawa anatupitia kila baada ya muda kuona kama tumemaliza.

"Nisikilize," nyanya akaniambia kwa Kiingereza chake cha Durban. "Ukifika kwenye hiyo nyumba, usitazame rangi ya ukuta. Fungua mabomba yote ya maji. Halafu zungumza na jirani. Vingine vyote vinarekebishika."

Nikamwambia ukweli: mama amenituma nikazuie ununuzi, si nikafungue mabomba. Alicheka mpaka achari ikampalia. "Basi fungua mabomba hivyo hivyo," akasema. "Upate sababu."

Geneva mpaka mwisho wa reli

Begi langu halikufika. Mwanamke wa dirishani alinieleza kwa upole kwamba limebaki njiani na litanifuata, kana kwamba begi lina miguu na uchungu wa kuniacha. Kwa hiyo niliingia Ulaya mwezi wa tatu nikiwa na kitenge, sweta ya kanisani na sandali.

Pacifique alikuwa zamu jikoni. Alikuwa ameniandikia kwamba treni inaondoka saa nane na dakika saba. Sisi dakika saba tunajua maana yake: ni saa nane hivi. Nilifika saa nane na dakika nane. Treni ilikuwa ikienda zake mbele ya macho yangu, haina haraka wala huruma. Mzee aliyekuwa kwenye benchi akaniambia kwa masikitiko ya kweli, kama anayetoa pole ya msiba: "Madame, imeondoka kwa wakati wake."

Nilipopata iliyofuata, tulipita kando ya ziwa kubwa na mimi nikageuza uso. Lilifanana mno na ziwa la kwetu, na nilikuwa nimekuja kugomba, si kulia.

Basi la njano

Kutoka mwisho wa reli kuna basi la posta, la njano, linalopanda kona baada ya kona. Kwenye kona mbaya dereva anapiga honi yenye sauti tatu, nzuri kama kwaya inayojaribu mwanzo wa wimbo, na nyuma yake kuna korongo. Mimi nilitubu dhambi zangu za Bukavu, za njiani na za Durban... yaani za kila mahali nilipowahi kuishi.

Theluji ilikuwa bado imejaa. Dereva alinitazama miguu kwenye kioo chake, akasimamisha basi katikati ya barabara.

"Madame anakwenda wapi na vidole hivyo?"

"Kwa Madame Odette."

Basi zima likageuka. "Aah! Familia ya mpishi!" Kumbe walikuwa wakinisubiri wiki nzima. Mwanamke mmoja akavua soksi zake za sufu papo hapo, nikazivaa zikiwa na joto lake. Dereva akanipa jaketi lake la kazi, la njano, lenye alama ya posta mgongoni. Nilivaa jaketi hilo siku mbili, na siku ya pili bibi mmoja alinisimamisha mbele ya duka la mikate, akaniuliza kwa ukali kifurushi chake kiko wapi. Nikamwambia na mimi kifurushi changu sijakiona. Akaridhika.

Kwa Madame Odette

Nyumba ni ya mbao nyeusi juu ya mawe, imekaa mlimani kama mtu aliyechuchumaa akimsubiri mgeni. Pacifique alinipokea mlangoni, akaniinua juu kama mtoto, na ana nywele nyeupe sasa! Hakuniambia kwenye simu.

Madame Odette ni mfupi, mkavu, macho yake ya bluu hayapepesi. Alinikalisha, akaanza kunihoji kwa Kifaransa. Akauliza mama yetu ana miaka mingapi. Nikasema, kama tunavyosema sisi Wakongo, *septante-neuf*, sabini na tisa. Akagonga meza kwa furaha. Wafaransa wale husema "sitini na kumi na tisa", na yeye hawavumilii. Kumbe Waswisi wanahesabu kama sisi. "Huyu anajua sabini!" akamwambia Pacifique. Tukaenda vizuri mpaka themanini, ambapo sisi tunasema kama Wafaransa na wao wana neno lao, na hapo tukabishana nusu saa.

Kisha chakula. Alileta jibini kubwa, akaliyeyusha mbele ya moto, akanikwangulia kwenye kiazi kimoja kilichochemshwa, na kachumbari ndogo. Nikala kidogo, nikiacha nafasi ya chakula chenyewe. Akauliza kama naongeza. Mnajua adabu yetu: unakataa mara ya kwanza, mwenyeji anakulazimisha, unakataa, anakulazimisha, halafu unakula kwa kumheshimu. Nikasema, "Asante, nimeshiba."

Akaondoa sahani.

Nilimtazama Pacifique. Akainamisha kichwa, anacheka ndani kwa ndani. Huo ndio ulikuwa mlo, mwanzo na mwisho. Nililala na njaa chini ya blanketi la manyoya ya bata, nikisema kimoyomoyo kwamba mama ana haki: huku si kwa kuishi mtu.

Kibanda cha kuni

Asubuhi nilifungua mabomba yote. Maji yalitoka mazito, baridi ya kukata meno, hayana kosa. Jirani naye, yule aliyevua soksi, alimsifu ndugu yangu mpaka nikachoka. Sababu niliyoagizwa na nyanya sikuipata.

Nikamfuata Pacifique nje, kwenye kibanda, nikamwambia wazi. "Mama amenituma. Kiwanja cha baba kinakungoja. Una miaka makumi ine na moja, arobaini na moja nzima, huna mke, unanunua nyumba ya kizee mahali ambapo mtu akitema mate yanaganda. Rudi nyumbani."

Aliendelea na kazi yake. Alikuwa anapanga kuni, moja juu ya nyingine, kwa ustadi kama mtu anayejenga. Kibanda kilijaa mpaka juu.

"Hizi zote ni za mwezi huu?" nikauliza.

"Hapana, Yaya. Hizi ni za baridi ya mwaka kesho. Zile za nyuma ni za mwaka unaofuata. Mti lazima ukauke."

Nikazihesabu safu kwa macho. Mimi nina miaka kumi na tisa Durban. Nilishona yunifomu kiwandani Mobeni miaka minane, nina duka, nimesomesha Gloria. Na chumbani kwangu mpaka siku ile sikuwa na kabati, nguo zimo masandukuni, kwa sababu tunaondoka karibuni. Tunaondoka karibuni tangu Gloria ananyonya.

"Mwaka unaofuata," nikasema.

"Ndiyo. Nipe ile kubwa."

Nikampa.

Wageni wa sauna

Siku ya tatu begi lilifika, pamoja na wapinzani. Walikuwa mume na mke kutoka mji mkubwa, watu wa adabu, meno safi, wameletwa na Gaspard, mpwa wa Madame Odette, ndugu yake pekee aliyebaki. Walitaka nyumba ya kuja wiki mbili kila msimu wa theluji. Walipima chumba cha kulala cha mjane, na mke akasema kwa sauti laini, "Hapa sauna itakaa vizuri," yaani chumba cha moto cha kutolea jasho. Madame Odette alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni, mkono kwenye kitanda chake.

Mimi nilikuwa jikoni nakaanga ndagala. Mnaijua wenyewe ile harufu. Gaspard alishuka ngazi mbio, akauliza kwa heshima kama kuna mnyama aliyekufa chini ya sakafu. Watu wa sauna walikumbuka kwamba wana safari ndefu. Naapa sikufanya makusudi. Kumbukeni nilikuwa upande wa kuharibu.

Jioni hiyo tulikula ugali wa muhogo, sombe na ndagala. Madame Odette alifinyanga tonge kwa vidole, akala samaki na kichwa chake. Nikamuuliza kama anaongeza. Akasema, "Asante, nimeshiba." Nikamwongezea. Akakataa, nikamwongezea tena. Alipomaliza aliegemea kiti, hapumui, akamuuliza Pacifique: "Kwenu mtu anajiokoaje?"

Pini tatu

Jumapili ndiyo siku iliyoamua. Madame Odette alikuwa anajiandaa kwenda misa, na pindo la gauni lake jeusi lilikuwa limeshikwa kwa pini ya mtoto. Mimi fundi siwezi kuona jambo kama hilo nikanyamaza. Nikamsimamisha kando ya meza, nikapiga magoti, nikaanza kupima, pini tatu mdomoni. Gaspard alikuwa amekaa na karatasi za watu wa sauna. Pacifique alikuwa hotelini.

"Shangazi, muulize sasa," Gaspard akasema. "Muulize dada mtu."

Madame Odette hakuinamisha uso. Alisema juu ya kichwa changu: "Nyumba kumi na nne za kijiji hiki madirisha yake hufungwa mwaka mzima. Nataka taa iwake humu. Niambie wewe, kwa uaminifu. Pacifique atakaa? Au miaka miwili ikipita atawauzia hawa hawa, arudi kwenu?"

Durban watu huniuliza nitaondoka lini. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mgeni akiogopwa kwamba ataondoka.

Nilitoa pini ya kwanza, nikamwona mama, kwenye kiti chake barazani, anasubiri habari. Neno moja tu lilitosha: kwamba familia yake inamtaka arudi. Lingekuwa kweli tupu, na kazi yangu ingekuwa imekwisha. Nilitoa ya pili. Nilitoa ya tatu, nikazichoma zote kwenye mkono wa sweta yangu.

"Madame," nikasema, "mimi sikuja kumsifu. Mama yetu alinituma nimrudishe. Nimejaribu siku tano. Nimemkuta ana kuni za miaka miwili mbele. Mtu wa namna hiyo siwezi kumtia kwenye begi."

Gaspard akaruka. "Umesikia, shangazi? Familia yake haitaki!"

"Hata yangu haitaki," akasema Madame Odette. Kisha kwangu: "Maliza pindo, tutachelewa misa."

Nilimaliza mbio mbio. Mishono ile si mizuri, msije mkaitafuta. Baada ya misa, kwenye uwanja wa kanisa, mbele ya watu wote wa basi la njano, alimwambia Gaspard awapigie simu wale wa sauna wakatafute mlima mwingine.

Supu

Siku ya kuaga nikamuuliza Pacifique jambo ambalo mtu mwenye akili angeuliza siku ya kwanza. "Na Madame anahamia wapi?"

Akaitazama supu yake. "Hahami."

"Hahami vipi?"

"Anabaki chini. Jiko na chumba chake, mpaka Mungu amwite. Ndiyo mapatano. Mimi nakaa juu."

Nikaweka kijiko. "Pacifique. Umenunua nyumba yenye iko na mutu ndani?"

"Yaya," akasema, "baridi yangu ya kwanza hapa nililala na homa siku nne, hotelini walidhani nimetoroka. Ni yeye alipanda na koleo, akachimba theluji mlangoni kwangu. Alikuwa na miaka sabini na kitu. Yeye ndiye aliogopa kwamba mimi nitahama. Mimi sikutaka hata siku moja yeye ahame."

Supu ilikuwa ya vitunguu. Mara hii Madame Odette aliponiuliza kama naongeza, nilisema ndiyo kabla hajamaliza neno.

Durban tena

Nilirudi bila kuchelewa mahali popote, ndiyo sababu sina la kusimulia. Nimenunua kabati. La mbao, zito. Halikupita mlangoni, ikabidi walifungue vipande. Mnaoniuliza nimeamua nini, hilo ndilo jibu, na sitaki maswali.

Mama nilimkwepa siku kumi, nikimwambia nina uchovu wa ndege. Jumapili moja baada ya ibada nilijifungia dukani, nikampigia kwa video, na nikamwingiza Pacifique ambaye alikuwa jikoni chini, na Madame Odette ubavuni mwake. Mama, kama kawaida, tulimwona kipaji cha uso tu, jinsi anavyoisogeza simu.

Nilimweleza yote. Kwamba nilishindwa, kwamba nyumba imenunuliwa, kwamba ndani yake kuna mtu. Mama hakunigombeza. Hicho ndicho kilichoniogopesha.

"Huyo bibi iko wapi?" akasema mwishowe. "Nimuone."

Pacifique akasogeza simu. Wazee wawili wakatazamana, mmoja kipaji, mwingine macho ya bluu.

"Muulize, iko na watoto?"

Nikauliza kwa Kifaransa. Madame Odette akasema hakujaliwa. Nikatafsiri. Nikamsikia mama anasogeza kiti chake.

"Muambie hivi," akasema. "Huyu mtoto akiwa na homa hasemi. Hata akiwa karibu kufa, hasemi. Anaanza kupanga vitu. Akimuona anapanga masahani bila sababu, amuguse hapa." Akagusa kipaji chake, kikajaa kwenye simu yote.

"Mama, niko na miaka makumi ine na moja!" Pacifique akalalamika.

"Nyamaza, sisemi na weye."

Nilitafsiri. Madame Odette alisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo ya meza, akatoa penseli na bahasha ya zamani, akaweka miwani.

"Anafanya nini?" mama akauliza.

"Anaandika, Mama."

Kipaji kikarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza siku ile tukaona uso wake wote.

"Basi hiyo ni namba moja," akasema. "Muambie aandike na ya pili."